Samaki wa vilindini hawahesabiki. Afya yao hupimwaje?

Mwaka 2019 tathmini rasmi ya uvuvi katika Samoa ya Marekani, visiwa vya Pasifiki ya Kusini, ilitoa hukumu nzito: samaki wa chini wanaovuliwa kwa mshipi kwenye miteremko ya visiwa hivyo walikuwa wamepungua kupita kiasi, na bado walikuwa wakivuliwa kwa kasi wasiyoimudu. Mwaka 2023 ikaja tathmini nyingine. Hiyo ikasema kati ya aina tisa zilizochunguzwa hakuna hata moja iliyo katika hali hiyo. Aliyesoma vichwa vya habari tu ana haki ya kuuliza: samaki walirudi lini? Au kuna aliyedanganya?

Hakuna aliyedanganya. Wala samaki hawakufurika upya ndani ya miaka minne, maana wengi wao hawazaani upesi hivyo. Namna ya kupima ndiyo iliyobadilika. Na kwa kuwa vipimo hivi ndivyo vinavyoamua nani avue, wapi na kilo ngapi, inafaa kujua vinavyofanywa na vinapopotoka.

Samaki gani, na akiba ni nini

Tunazungumzia hasa changu wekundu wa jenasi za Etelis na Pristipomoides, pamoja na baadhi ya chewa na kolekole. Wengi wao huishi kati ya mita 100 na 400 kwenda chini, penye miteremko mikali, kingo za miamba na vilima vya chini ya bahari. Visiwa vingi vya tropiki ni vilele vya volkano vilivyoinuka kutoka sakafu ya bahari, kwa hiyo ukanda wa kina hicho ni mwembamba mno. Mashua ikitoka kilomita chache tu ufukweni tayari ina mita 300 za maji chini yake, na ikisogea kidogo tena imeshaupita ukanda wenyewe. Kwenye ramani bahari ni kubwa na ya buluu kote, ila makazi ya samaki hawa ni utepe unaozunguka kisiwa. Ndiyo maana ile hoja ya kwamba bahari ni pana, samaki hawaishi, haina mashiko hapa.

Akiba ya samaki ni samaki wa aina moja katika eneo moja wanaozaana wao kwa wao, kiasi kwamba wakipunguzwa, pengo lao hujazwa hasa na watoto wao wenyewe, si na wageni kutoka mbali. Mayai na vijisamaki vichanga husafiri na mikondo, kwa hiyo mpaka wa akiba si lazima ufuate mpaka wa nchi.

Fikiria mfugaji wa mbuzi mwenye malisho yasiyoongezeka. Mbuzi wakijaa, majani hayatoshi, vitoto vingi hufa na kundi haliongezeki. Wakiwa wachache mno, kila jike huzaa vizuri lakini majike yenyewe ni haba. Mahali fulani katikati ndipo kundi huongeza vichwa vingi zaidi kwa mwaka, na nyongeza hiyo ndiyo anayoweza kuchinja bila kulipunguza kundi. Katika hesabu iliyo rahisi kuliko zote, mahali hapo ni nusu ya idadi ambayo ingekuwapo kama asingechinja kabisa. Kwa hiyo ukisikia kwamba samaki fulani wamepungua hadi nusu ya walivyokuwa kabla ya uvuvi kuanza, usikimbilie kulia. Huenda hapo ndipo wanapozalisha zaidi. Kishindo huanza wakishuka chini sana ya hapo.

Sasa mambo mawili ambayo magazeti huyachanganya kila mara. La kwanza ni hali: samaki waliobaki ni wengi kiasi gani ukilinganisha na mstari uliowekwa? Wakiwa chini ya mstari, tuseme akiba imedidimia. La pili ni kasi: kila mwaka wanatolewa kwa kiwango gani? Kikizidi kile wanachoweza kurudisha, tuseme uvuvi umepindukia. Haya hayatembei pamoja siku zote. Tathmini hiyohiyo ya 2019 iliitaja Guam kuwa na akiba iliyodidimia lakini uvuvi usiopindukia: madhara yalikuwa yameshatokea, ila kasi ya wakati huo haikuwa inayaongeza. Kinyume chake nacho huwezekana, akiba ikawa bado nono huku ikifyekwa haraka. Mganga wa hali ya kwanza ni subira. Ya pili haisubiri.

Kwa nini mizani ya sokoni haitoshi

Kipimo kilicho karibu na mkono ni uzito wa samaki walioletwa nchi kavu. Ni muhimu, lakini peke yake kinapotosha. Tarehe 29 Septemba 2009 tsunami iliipiga Samoa ya Marekani na kuharibu sehemu kubwa ya mashua zilizovua samaki hawa. Mtu akitazama mapato ya miaka iliyofuata bila kujua hilo, atadhani samaki wameisha, kumbe ni vyombo. Bei ya mafuta ikipanda, fundi wa mashine akihama, tuna wakiwa na soko zuri zaidi, mapato ya vilindini hushuka bila samaki hata mmoja kupungua.

Ndiyo maana wataalamu hugawanya mapato kwa juhudi: kilo ngapi kwa kila mshipi kwa kila saa ndoana zikiwa majini. Ili hesabu hiyo iwezekane, kila safari inahitaji kuandikwa mambo machache kwa uaminifu. Saa mshipi wa kwanza uliposhuka na saa wa mwisho ulipopandishwa. Idadi ya mishipi na ndoana katika kila mshipi. Kina kwa mita, na mahali. Kisha uzito wa kila aina ya samaki kivyake, pamoja na waliochukuliwa kwa kitoweo nyumbani na chambo waliokatwa palepale mashuani. Saa ya kutoka bandarini na ya kurudi haifai badala yake. Safari ya saa 14 inaweza kuwa na saa 5 tu za kuvua, na nyingine ni mwendo na kutafuta.

Kosa linaloharibu hesabu kuliko yote ni kutoandika safari zilizotoka patupu. Mvuvi haoni sababu ya kujaza fomu kwa samaki asiyekuwapo, na karani wa gatini hana cha kupima. Safari hizo zikiachwa, wastani hupanda, na hupanda zaidi kadiri samaki wanavyokwisha, kwa sababu ndipo safari tupu zinapokuwa nyingi. Takwimu huzidi kung'aa huku bahari ikizidi kuwa tupu.

Hata fomu zikijazwa vizuri, kuna mtego mwingine. Samaki hawa hujikusanya kwenye vilima vya chini ya bahari. Chukua mfano wa kisiwa chenye vilima vitano, kila kimoja kikitoa kilo 6 kwa mshipi kwa saa kikiwa hakijaguswa. Wavuvi huanza na cha karibu. Kinapofika kilo 3 wanahamia cha pili, huko wanakuta 6 tena, kisha cha tatu, hivyo hivyo. Ukichukua wastani wa kisiwa kizima, mwaka hadi mwaka utaona namba inayozunguka kati ya 4 na 5, tulivu kabisa, hadi kilima cha tano kinapochoka. Hapo mstari unaanguka kama jiwe, na watu wanasema samaki wamehama. Hawakuhama. Samaki wazima wa aina hizi kwa kawaida hukaa karibu na maeneo yao, ingawa wachache huvuka kutoka kilima hadi kilima. Dawa ni kuchambua mapato kwa kila eneo la kuvulia, wala si kwa kisiwa kizima, na kuangalia kama mashua zinakwenda mbali zaidi kuliko zamani.

Halafu teknolojia. Saa moja ya mshipi ya leo si saa moja ya mwaka 1985. Mashine ya umeme ya kukunjia mshipi, kipima kina kinachoonyesha samaki, na jipiesi inayomrudisha mvuvi juu ya jiwe lilelile, vyote huongeza kilo bila bahari kuongeza samaki. Hesabu nzuri hujaribu kuondoa athari hizo kwanza, kwa kulinganisha mashua zinazofanana, misimu inayofanana na kina kinachofanana. Tathmini isiyoeleza ilivyolishughulikia hili, mimi huisoma kwa jicho moja limefumbwa.

Umri ndio unaobeba kila kitu

Ukiniuliza namba moja ambayo ikikosewa inapindua hukumu nzima, nitakwambia ni umri mkubwa kabisa ambao samaki hufikia.

Umri husomwa kwenye vijiwe vya sikio, vipande vigumu vya chokaa vilivyomo kichwani mwa samaki. Kijiwe huongezeka tabaka maisha yote. Hutolewa, hugandishwa ndani ya utomvu mgumu, hukatwa kipande chembamba chenye unene wa sehemu ndogo ya milimita kupita katikati, kisha pete zake huhesabiwa kwa hadubini. Kwenye bahari za baridi pete za kiangazi na za kipupwe huonekana wazi. Kwenye tropiki maji hayabadiliki joto sana, pete ni hafifu, na wasomaji wawili wenye uzoefu wanaweza kutofautiana kwa miaka mingi juu ya kijiwe kimoja. Samaki mzee ni shida zaidi, kwa sababu pete zake za nje zimebanana ukingoni.

Changu anayeitwa opakapaka huko Hawaii (Pristipomoides filamentosus) alidhaniwa kwa muda mrefu kuishi miaka 18 hivi. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya aina nyingine. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza kaboni yenye mionzi hewani na baharini, na kiini cha kijiwe huhifadhi kiwango cha kaboni cha mwaka samaki alipozaliwa. Kiwango hicho hulinganishwa na kile kilichoganda kwenye matumbawe ya miaka inayojulikana. Wakatumia pia uwiano wa madini ya risasi na radiamu ndani ya kijiwe. Matokeo yakaonyesha samaki wenye zaidi ya miaka 40.

Tofauti ya 18 na, tuseme, 43 ina uzito gani? Kanuni inayotumika sana hukadiria kiwango cha vifo vya asili kwa kugawanya 5.4 kwa umri mkubwa kabisa. Kwa miaka 18 unapata 0.30, yaani bila uvuvi wowote karibu samaki 26 kati ya 100 hufa kila mwaka. Kwa miaka 43 unapata takribani 0.126, yaani karibu 12 kati ya 100. Sasa tuseme sampuli za vijiwe zinaonyesha kwamba kwa jumla, kwa sababu zote, 30 kati ya 100 hutoweka kila mwaka. Ukiamini miaka 18, karibu samaki 5 tu kati ya hao 30 wameondolewa na ndoana, waliosalia wamechukuliwa na papa, maradhi na uzee. Uvuvi unaonekana mwepesi. Ukiamini miaka 43, walioondolewa na ndoana ni karibu 19. Samaki walewale, mapato yaleyale, lakini hukumu imegeuka kutoka raha hadi hatari, kwa kosa la kuhesabu pete.

Umri mrefu una tafsiri nyingine pia. Samaki anayeishi miaka 40 amezoea kuzaa mara nyingi katika maisha yake, akivumilia miaka mibaya na kungoja mizuri. Ukimwondolea wazee, akiba inabaki ikitegemea bahati ya mwaka mmoja mmoja. Jike mkubwa hubeba mayai mengi mara kadhaa kuliko jike aliyepevuka juzi, kwa hiyo kilo moja ya samaki wakubwa na kilo moja ya wadogo hazina thamani sawa kwa kizazi kijacho. Na kufunga uvuvi kwa mwaka mmoja ukitarajia bahari ijae ni kujidanganya, kwani samaki anayechelewa kupevuka hajapata hata nafasi ya kuzaa.

Urefu: rahisi kupima, rahisi kupotosha

Visiwa vingi havina maabara ya vijiwe, ila karibu kila gati lina ubao wa kupimia. Samaki hulazwa, pua ikigusa ukuta wa ubao, na urefu husomwa kwenye mfundo wa mkia pale unapogawanyika, si kwenye ncha zake, kwa sababu ncha za Etelis ni ndefu na hukatika. Urefu wa mamia ya samaki wa aina moja, ukijua wanapevuka kwa sentimita ngapi, unaweza kukadiria akiba imebakiwa na sehemu gani ya uwezo wake wa kutaga ukilinganisha na wakati kusingekuwa na uvuvi. Ikishuka hadi chini ya asilimia 20, wataalamu wengi huona taa nyekundu. Wengine hulenga asilimia 30 au 40.

Udhaifu wake ni kwamba samaki hawa huacha kurefuka mapema. Mwenye miaka 15 na mwenye miaka 35 wanaweza kulingana ubaoni. Tena ndoana kubwa haimnasi mdogo, na wakubwa wakienda moja kwa moja hotelini bila kupita gatini, sampuli itaonyesha wadogo watupu. Kwa upande mwingine, kuona samaki wakubwa sokoni si ushahidi kwamba wapo tele. Huenda vijana hawazaliwi.

Na lazima ujue unampima nani. Kwa miaka mingi changu wawili wekundu wa vilindini waliandikwa kwa jina moja, Etelis carbunculus. Mwaka 2021 mmoja wao alipewa jina lake, Etelis boweni. Huyu hukua kupita mita moja, mwenzake ni mdogo zaidi sana. Ukiwachanganya kwenye daftari moja, wazima wa aina ndogo wataonekana kama watoto wa aina kubwa, na utapiga kelele kwamba watoto wanachinjwa.

Hapo ndipo fumbo la Samoa ya Marekani linapofumbuka. Tathmini ya 2019 ilichukua aina 11 na kuzifanya kundi moja, kana kwamba ni samaki mmoja, ikategemea hasa mapato kwa juhudi yaliyokusanywa gatini. Ndani ya kundi hilo mlikuwa na changu mdogo wa mistari ya buluu, Lutjanus kasmira, anayefika hadi maji mafupi, na Etelis coruscans wa mita mia kadhaa. Mvuvi akibadili kina, uwiano wa aina hubadilika, na hesabu ya jumla husoma mabadiliko hayo kama kupungua au kuongezeka kwa samaki. Ile ya 2023 iliwatenga aina tisa, kila moja kwa urefu wake, ukuaji wake na mapato yake. Naiona ni bora kwa mbali, si kwa sababu imeleta habari njema, bali kwa sababu imejibu swali kwa samaki ambaye kweli yupo. Ingeweza kuleta habari mbaya kwa njia ileile.

Kushusha macho chini

Njia ya kuepuka kuwategemea wavuvi pekee ni kwenda kuangalia. Hawaii imekuwa ikifanya hivyo tangu 2016 kwa samaki saba wa kina, opakapaka na onaga (yaani Etelis coruscans) wakiwemo. Ukanda wa mita 75 hadi 400 umegawanywa vipande vya mita 500 kwa 500, na vipande vya kuchunguza huchaguliwa kwa kura, sio kwa uzoefu wa nahodha. Hili huwaudhi wavuvi wazoefu, ambao huona mashua ikipelekwa mahali wanapojua hapana kitu. Lakini pasipo kitu nako ni sehemu ya jibu. Ukipima penye samaki tu utapata jibu la penye samaki tu.

Sehemu moja ya kazi hufanywa na wavuvi wenyewe, wakivua kwa ndoana na muda uliopangwa sawa kwa wote. Nyingine hufanywa na kamera pacha zinazoshushwa hadi sakafuni na kuachwa hapo dakika kadhaa. Kamera mbili zikimwona samaki mmoja kutoka pembe mbili, urefu wake hukokotolewa bila kumgusa. Ili samaki mmoja asihesabiwe mara kumi akizungukazunguka, huchukuliwa idadi kubwa zaidi iliyoonekana katika picha moja. Kipimo hicho ni cha tahadhari, maana wakiwa wengi mno fremu hujaa na wanaobaki nje hawahesabiwi. Mwanga wa asili huishia karibu mita 250 katika maji safi, kwa hiyo chini ya hapo kamera hizo hupofuka na ndoana hubaki peke yake. Vipima mwangwi navyo hukwama kwenye mteremko mkali, kwani mwangwi wa mwamba huwafunika samaki waliolala karibu nao.

Mwishoni hupatikana uwezekano, kamwe si namba moja. Ripoti nzuri husema: tukivua kiasi hiki, uwezekano wa uvuvi kupindukia mwaka fulani ni asilimia kadhaa. Wasimamizi ndio huchagua hatari wanayoweza kuibeba. Kwa samaki saba wa Hawaii, kikomo cha mapato kuanzia msimu wa 2018 kilikuwa pauni 492,000 kwa mwaka, karibu tani 223. Namba hiyo ina kura ya wanasiasa na wavuvi ndani yake, pamoja na hesabu. Anayeisoma kama kipimo cha maabara anakosea.

Vikomo vya namna hiyo, pamoja na kufunga baadhi ya maeneo, hupendelewa kuliko sheria ya kuwarudisha wadogo majini. Kwenye mita 200 shinikizo ni mara 21 ya lile la juu ya maji. Samaki akipandishwa, hewa iliyo kwenye kibofu chake hutanuka kwa uwiano huohuo, tumbo hutokea mdomoni na macho huvimba. Ukimtupa, huelea juu na kuliwa na ndege au papa. Anaweza kuokolewa akirudishwa kina kwa chubwi nzito na ndoana isiyo na mwiba, ndani ya dakika chache, jambo ambalo mvuvi mwenye mishipi minne iliyojaa samaki halifanyi mara nyingi. Mdogo aliyenaswa mita 200, kwa vitendo, ameshavuliwa, na tathmini inayomhesabu kama aliyerudishwa hai imekosea tayari.